Walio Ndani ya Kaya na Walio Ndani ya Ukoo: Namna Familia ya Kiafrika Inavyobadilika

Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022, karani aliyebisha hodi alitaka kwanza kujua ni nani aliyelala ndani ya nyumba ile usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Majibu ya swali hilo, yalipojumlishwa kwa nchi nzima, yalitoa wastani wa watu 4.3 kwa kila kaya, kutoka 4.7 katika sensa ya mwaka 2012. Kenya, iliyohesabu watu wake mwaka 2019, ilipata wastani wa watu 3.9. Ukizitazama takwimu hizo peke yake utaamini kwamba familia ya Kiafrika sasa ni baba, mama na watoto wawili, na kwamba habari za ukoo zimebaki katika masimulizi ya wazee. Lakini mwulize mkuu wa kaya hiyohiyo swali jingine: baba yako mdogo akifariki leo usiku, ni simu ngapi zitakazoita kabla ya alfajiri, na nani atatakiwa kutoa kiasi gani? Hapo idadi inapanda kutoka wanne hadi arobaini, na pengine hadi mia.

Fundo lenyewe liko hapo. Neno familia, ambalo Kiswahili kimelikopa, tumelitwisha mizigo miwili isiyofanana. Mtu akisema amehamia Dodoma na familia yake, anamaanisha mke au mume na watoto. Mtu huyohuyo akisema kesho kuna kikao cha familia, anamaanisha baba wakubwa na wadogo, mashangazi, wajomba, na mzee mmoja wa rika la babu ambaye asipokuwapo hakuna linaloamuliwa. Lugha ilikuwa na maneno ya kutosha ya kuzitenganisha hali hizi: kaya kwa wanaoishi na kula pamoja, ukoo kwa waliotokana na shina moja, mlango kwa tawi la ukoo, na jamaa kwa duara pana zaidi la watu wanaohusiana. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotafuta neno la kuieleza siasa yake, alilichukua hilo la mwisho akaliita ujamaa, kwa hoja kwamba taifa lingeweza kujengwa juu ya maadili yaleyale yanayowaunganisha ndugu. Tukizichanganya kaya na ukoo, tutabishana bila mwisho juu ya iwapo familia inakufa au inadumu, na kila upande utakuwa na ushahidi wake.

Ninachokiona mimi ni kwamba kaya imepungua na inaendelea kupungua, ilhali madai ya ukoo juu ya mtu hayajapungua kwa kiwango hicho, yamebadilika sura. Kazi ambazo zamani zilifanywa kwa mtu kuwapo, sasa zinafanywa kwa fedha, na fedha hizo zinatoka katika mifuko ya watu wachache.

Kabla ya kuyafuata mabadiliko hayo ni lazima tuwe waangalifu na kile tunachokiita familia ya asili ya Kiafrika, kwa kuwa haikuwahi kuwa ya namna moja. Kwa Wamakonde, Wayao na Waluguru, kama ilivyo kwa Wachewa wa Malawi na Zambia na Waakan wa Ghana, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake kuliko baba mzazi. Kwa Wakurya wa mkoa wa Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumtolea mahari msichana ili azae watoto watakaoendeleza nyumba yake, desturi inayoitwa nyumba ntobhu na ambayo haijatoweka. Ndoa za mitara zilikuwa na mizizi mikubwa katika sehemu fulani na midogo katika nyingine. Hata leo, nchini Burkina Faso na Mali, zaidi ya theluthi moja ya watu wanaishi katika kaya za wake wengi, wakati kusini mwa bara hali hiyo ni nadra. Na katika jamii nyingi, hasa za Afrika Magharibi, mtoto kupelekwa kulelewa na shangazi au bibi ilikuwa njia ya kawaida ya kuzifunga koo pamoja, wala haikuchukuliwa kuwa dalili ya nyumba kuvunjika. Kwa hiyo anayesema kwamba baba, mama na watoto wanaokaa peke yao ni jambo geni yuko sahihi kwa sehemu, lakini anayesema kwamba sote tulitoka katika boma moja la baba mkubwa na wanawe anausahau upande mzima wa bara hili.

Jambo la pili ambalo husahaulika ni umri wa mabadiliko yenyewe. Simu na runinga zinalaumiwa sana, ilhali mpasuko mkubwa ulianza na kodi. Serikali za kikoloni zilipoweka kodi ya kibanda na baadaye kodi ya kichwa, na kutaka ilipwe kwa sarafu, zilimlazimisha mwanamume aende mahali sarafu inakopatikana. Katika Tanganyika walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na kwingineko walikwenda katika migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na huko waliwekwa katika makambi ya wanaume peke yao yasiyoruhusu mke wala mtoto. Mshahara ulikadiriwa kwa mtu mmoja, kwa hesabu kwamba mke aliyebaki kijijini angelima, angelisha watoto na angemtunza mgonjwa bila kulipwa na yeyote. Kwa maneno mengine, mgodi uliipokea kazi ya familia nzima na kumlipa mtu mmoja.

Afrika Kusini inaonyesha mpasuko huo ulivyodumu. Sheria za pasi, zilizowazuia Waafrika kuishi mijini na familia zao, zilifutwa mwaka 1986, lakini athari zake hazikufutwa nazo. Takwimu rasmi za nchi hiyo katika miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba ni takribani theluthi moja tu ya watoto wanaoishi na wazazi wote wawili, na kwamba wanaoishi na mama peke yake ni wengi kuliko hao. Kuwaambia akina baba wa leo kwamba wamepoteza maadili, bila kutaja vizazi vitatu au vinne vya wanaume waliozuiwa kwa sheria kulala nyumbani kwao, ni kusimulia nusu ya hadithi. Sisemi kwamba historia inamwondolea mtu wajibu wake kwa mtoto aliyemzaa. Nasema kwamba desturi ya kumwona baba kama mtu anayetuma fedha kutoka mbali ilijengwa kwa makusudi, na ikazoeleka.

Baada ya kodi ilikuja shule, na shule ndiyo iliyobadilisha hesabu ya uzazi. Katika familia ya wakulima au wafugaji, mtoto wa miaka minane alichunga, alichota maji, alifukuza ndege shambani, na alipokua alikuwa bima ya uzeeni. Mtaalamu wa takwimu za watu John Caldwell, Mwaustralia aliyefanya utafiti nchini Ghana na Nigeria, alitoa hoja katika miaka ya 1970 kwamba uzazi hubaki juu pale mali inapotiririka kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, na huanza kushuka pale mkondo unapogeuka. Shule iligeuza mkondo huo. Mtoto akawa na ada, sare, madaftari na nauli, na nguvu zake za asubuhi zikaondoka shambani. Wakati huohuo chanjo na dawa zilipunguza vifo vya watoto wachanga, hivyo mzazi hakulazimika tena kuzaa wanane ili wakue watano. Utafiti wa uzazi uliofanyika Kenya mwaka 1977 na 1978 ulipata wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Tanzania, kwa mwaka huohuo wa 2022, ilikuwa na 4.8. Niger, Chad na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado ziko karibu na watoto sita au zaidi. Bara ni moja, lakini saa zake hazisomi wakati mmoja, na anayezungumzia familia ya Kiafrika kwa ujumla hana budi kuikumbuka tofauti hiyo.

Mji ulikamilisha kilichoanzwa na kodi na shule. Mwaka 1960 Waafrika waliokuwa wakiishi mijini hawakufika mmoja kati ya watano; sasa ni zaidi ya wawili kati ya watano. Chumba na sebule cha kupanga hakina nafasi ya binamu watatu, na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo haimsubiri mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Hapo ndipo kaya ilipojikunja. Ukoo haukujikunja. Ulihamia kwenye simu.

Nilionyeshe hilo kwa karibu. Bibi wa miaka themanini na kitu ameteleza uani huko kijijini, na mfupa wa nyonga umevunjika. Saa mbili usiku mjukuu mmoja anaandika habari hiyo katika kundi la ukoo la WhatsApp. Kwa dakika kumi zinamiminika pole na picha za mikono iliyokunjwa kwa dua. Kisha mtu mmoja, kwa kawaida yule anayeaminiwa na pande zote, anaweka orodha: jina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichotumwa, na juu kabisa namba ya kupokelea fedha. Kila anayetuma anainakili orodha upya na kujiongeza chini. Aliyeko Mwanza, aliyeko Muscat na aliyeko Houston wanasimama mstari mmoja, mmoja na elfu ishirini, mwingine na laki tatu. Kufikia asubuhi orodha ina majina thelathini na moja, gari limekodishwa, na bibi yuko njiani kwenda hospitali ya mkoa. Hakuna hata mmoja katika orodha ile anayeishi naye chini ya paa moja. Na aliyekesha kando yake usiku ule, akimgeuza, akimfuta na kumnywesha maji kwa kijiko, ni binti yake wa mwisho aliyebaki kijijini, ambaye jina lake halimo kwenye orodha kwa sababu hakuwa na cha kutuma.

Tukio kama hilo linabeba sehemu kubwa ya ninachojaribu kukieleza. Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, imekuwa rahisi kuliko wakati wowote kumtunza mtu aliye mbali. Fedha ambazo zamani zilipewa dereva wa basi ndani ya bahasha, na wakati mwingine hazikufika, sasa zinafika kabla salamu hazijaisha. Wakenya walio nje ya nchi pekee walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 katika mwaka 2024. Ukoo uliotawanyika kwa maelfu ya kilomita umeweza kukaa kikao, kuchanga na kuamua ndani ya saa chache. Anayesema kwamba ubinafsi umetumaliza hajazitazama orodha hizi.

Lakini wajibu ukishageuzwa kuwa fedha, unapimika, na kinachopimika huonekana na kila mtu. Zamani ndugu asiye na uwezo alikuja msibani na jembe lake akachimba kaburi, akapasua kuni, akalala nje na wafiwa siku tatu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakutoa kitu. Leo mwenye nguvu lakini asiye na fedha hana safu yake katika orodha, na huanza kukaa kimya kwenye kundi, kisha hujitoa. Upande wa pili yuko mtoto wa kwanza aliyepata ajira ya mshahara, ambaye ada za wadogo zake, paa la wazazi, matibabu ya shangazi na mchango wa harusi ya binamu vyote vinamwelekea yeye. Vijana wa Afrika Kusini mzigo huo wameupachika jina, kodi ya watu weusi. Kwetu haujapata jina moja, lakini mzigo ni uleule, na wengi wanaubeba kwa upendo wa kweli huku wakikopa ili wasionekane wameshindwa. Ukoo uliokuwa na wakulima hamsini ulikuwa na mikono hamsini ya kusaidia. Ukoo wenye watu hamsini na mishahara mitatu una mikono mitatu.

Kwamba ukoo unaweza kubeba mizigo mizito mno tulilishuhudia wakati wa janga la UKIMWI. Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kizazi kizima cha wazazi vijana kiliondoka, kuanzia nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria hadi kusini mwa bara. Mamilioni ya watoto walibaki yatima, na sehemu kubwa yao hawakuishia katika vituo vya kulelea watoto bali walichukuliwa na ndugu, hasa bibi zao. Mwanamke wa miaka sitini na mitano, ambaye kwa desturi angekuwa ameanza kutunzwa, alirudi upya kuamka usiku, kutafuta ada na kupeleka mtoto kliniki. Huo ni ushujaa ambao haujashukuriwa ipasavyo. Ulikuwa pia onyo, kwa sababu serikali na wafadhili walijifunza kutoka kwao somo la hatari kwamba familia ya Kiafrika itajipanga yenyewe, hata isipopewa kitu.

Sheria nazo zinachora mipaka yao ya familia, na mipaka hiyo hailingani na ile ya ukoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 zenye malipo na baba siku zisizopungua tatu. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, iliweka miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Sheria hiyohiyo ya Tanzania iliruhusu likizo ya siku nne za malipo kwa kifo cha mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma tena orodha hiyo. Baba mkubwa hayumo, mjomba hayumo, mama mdogo aliyekulea tangu ukiwa na miaka mitatu hayumo. Mbele ya mwajiri ni jamaa tu wa mbali, wakati nyumbani unatarajiwa uwe wa kwanza kufika. Kila anayeomba ruhusa ya msiba na kuulizwa marehemu alikuwa nani wake, anasimama kati ya familia mbili, ile ya sheria na ile anayoijua.

Katika malezi pengo la ukoo mijini limezibwa na dada wa kazi. Jina lenyewe linaeleza mengi: tunamwita dada, mtoto anamwita dada, na mara nyingi kweli ni msichana aliyeletwa kutoka kijijini kwa kujuana, pengine kwa ujamaa wa mbali. Yeye ndiye anayejua mtoto ameanza kusema neno gani na ana mzio wa chakula gani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wafanyakazi wa nyumbani, namba 189, mwaka 2011, lakini kwetu wengi wa akina dada hawa bado hawana mkataba wa maandishi, kwa sababu lugha ya udugu hutumika kuficha uhusiano wa ajira. Familia nyingi za mjini ambamo baba na mama wanafanya kazi zisingedumu hata mwezi bila msichana huyu, na nadhani ndilo jambo tunaloliona haya zaidi kulisema.

Ndoa imebadilika kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Kwa mlango wa mbele kuna barua ya posa, mshenga, mahari, sendofu na kamati ya harusi inayokusanya michango kwa miezi kadhaa. Kwa mlango wa nyuma kuna kile ambacho mitaani kinaitwa sogea tukae: wawili wanaanza kuishi pamoja, mtoto anazaliwa, miaka inapita, na ukoo unajulishwa baadaye au haujulishwi kabisa. Si kila anayepitia huko anaidharau ndoa. Mahari iliyogeuzwa kutoka mifugo ya ukoo mzima kuwa fedha za kijana mmoja, pamoja na gharama za sherehe, imewafanya wengi waiahirishe ndoa rasmi bila kuuahirisha unyumba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ililiona hilo mapema: kifungu chake cha 160 kinawachukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kutambuliwa na jamii kama mke na mume, kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilielekeza mwaka 2023 kwamba dhana kama hiyo itumike kwa nadra tu. Majirani wawili, wenye mitaa inayofanana, wanaelekea pande tofauti.

Nguvu ya mahari nayo imepimwa mahakamani. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwezi Agosti 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa kuwa kulimfanya mwanamke abaki katika ndoa ya mateso kwa sababu wazazi wake hawana ng'ombe wa kurudisha. Mahari yenyewe haikufutwa. Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vilitangazwa kuwa kinyume cha katiba na Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Nimeusifu ukoo, na sina budi kuonyesha pia makali yake, ambayo wajane wanayajua kuliko yeyote. Baba akifariki, ukoo ule uliochanga kwa ajili ya mazishi ndio unaoweza kukaa kikao arobaini ikiisha na kuuliza nyumba ni ya nani. Tanzania ina mifumo mitatu ya mirathi inayoishi pamoja: ya kiserikali, iliyorithiwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1865, ya Kiislamu, na ya kimila, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ambayo humnyima mjane urithi wa mumewe kwa maelezo kwamba watoto watamtunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba zao kwa msingi wa kanuni hizo. Kwingineko mahakama zilikwenda mbali zaidi: Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta mwaka 2004 kanuni ya kumrithisha mwanamume mkubwa peke yake, na Mahakama ya Juu ya Nigeria ilisema mwaka 2014 kwamba mila ya Waigbo ya kuwanyima mabinti urithi wa baba yao ni batili. Kanuni ya mwaka 1963 iliandikwa kwa dunia ambamo mjane angebaki katika boma la wakwe na kupewa shamba la kulima. Boma hilo halipo tena, lakini kanuni ipo. Mjane anabaki bila ulinzi wa zamani na bila haki ya sasa, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipo na dhuluma kubwa kuliko zote katika kipindi hiki cha mpito.

Kwa wazee kuna dalili za awali kwamba dola imeanza kukubali sehemu yake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unamwekea kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji, jambo lisilopatikana kwa urahisi katika mikataba ya mabara mengine. Lakini mtoto asiye na kipato hawezi kuutimiza wajibu huo hata akiukariri. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni fedha kidogo. Hata hivyo, mzee anayeweza kununua sukari yake na kumpa mjukuu kalamu hukaa kikaoni kwa namna nyingine kabisa kuliko anayesubiri kutumiwa.

Mabadiliko mengine hayaonekani katika sheria wala takwimu. Yamo mdomoni mwa watoto. Kiswahili kilimpa mtoto baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi na mjomba, na kila jina lilikuwa na kazi yake: baba mdogo ni baba, mama mdogo ni mama, mjomba hutaniwa au huogopwa kwa namna ambayo baba mdogo haguswi. Mtoto aliyekulia mjini, anayewaona watu hawa mara moja kwa mwaka au kwenye kioo cha simu, huwaita wote anko na anti, pamoja na rafiki wa baba na mwenye duka la chini. Majina mawili yamemeza sita. Sioni kwamba hilo ni kosa la mtoto. Jina la ujamaa hujifunzwa kwa kukaa na mtu.

Mazishi ndiyo yaliyokawia kuguswa. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye ardhi yao karibu na jiji. Ukoo wa Umira Kager wa Wajaluo ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Shauri lilikokotwa kwa miezi mitano huku mwili ukisubiri, na mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki. Swali lililokuwa mbele ya majaji halikuwa la kaburi tu; lilikuwa ni nani aliye familia ya mtu, mke aliyeishi naye miaka zaidi ya ishirini au ukoo uliomzaa. Wachaga wa Kilimanjaro bado hupanda mlimani kila Desemba na bado huzika kihambani, yaani katika shamba la migomba la familia, lakini kihamba kilichogawanywa kwa vizazi vinne kimebaki migomba michache na makaburi yanayoisogelea nyumba. Nairobi, makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kuwa yamejaa tangu miaka ya 1990, na watu wanaendelea kuzikwa humo. Katika misiba niliyohudhuria miaka ya karibuni, swali la wapi tunazika huulizwa kwa sauti mbele ya wote, na kabla mzee wa ukoo hajafungua kinywa, macho ya watu huwa yameshamgeukia mjane.